Somo la Mshona Kola

Kiwandani walimwita Waziri wa Fedha, siku nyingine Waziri tu, na aliyempachika jina hilo hakuna anayemkumbuka. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwembamba, mwepesi wa mguu, na kwa miaka kumi na saba alikuwa akishona kola za mashati ya shule. Kola tu. Vipande vilimfikia vikiwa vimekatwa. Yeye alivishona kwa ndani, akapunguza kingo kwa mkasi, akavigeuza, akachokonoa ncha kwa kijiti mpaka zikachongoka sawasawa, kisha akavitupia kapuni mwa jirani yake. Kwa siku alitoa kola mia tatu na ushei.

Jina la Waziri halikuwa la kumkejeli, au tuseme kejeli yake ilikuwa ndogo. Mshahara wa kiwanda ulikuwa haujapanda kwa miaka minane. Katika miaka hiyo sabuni ilipanda, mafuta ya kula yalipanda, nauli ikapanda mara nne, kodi za nyumba zikapanda kila mwenye nyumba alipoota ndoto mbaya. Wenzake walikuwa wakifika katikati ya mwezi wanaanza kunong'onezana nani ana chochote mfukoni. Yeye hakunong'onezana na mtu. Hakukopa, hakukopesha, mabinti zake wawili walikuwa shuleni, na mwenye nyumba hakuwahi kumgongea mlango mara mbili.

Alifanyaje? Kwanza, hakukaa. Alikuwa kiguu na njia. Kazini alikwenda kwa miguu, saa nzima na robo, asubuhi na jioni, na njiani alipita masoko mawili akijua katika lipi vitunguu hushuka bei jua likianza kulala. Maharage aliyachemsha dakika kumi, akayamimina kwenye chupa ya chai pamoja na maji yake ya moto, akakaza kizibo. Akirudi jioni aliyakuta yameiva bila mkaa zaidi. Vijipande vya sabuni alivitia kwenye soksi kuukuu, akaifunga fundo, nyumba nzima ikaogea soksi. Dawa ya meno ikigoma kutoka, aliupasua mrija wake kwa mkasi, na humo ndani akakuta wiki nyingine nzima.

"Huyu ana mkono wa birika," alisema Chiriku, "mpaka birika lenyewe linamwonea aibu."

Chiriku ndiye aliyekuwa jirani yake wa mashine, mwanamke wa miaka thelathini hivi, kazi yake kuunganisha kola na shati. Naye jina lake lilikuwa la kupachikwa, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Walikuwa wamekaa bega kwa bega miaka sita, wakila mchana pamoja, na Waziri alimpenda kama mdogo wake wa kuzaliwa.

Kitu ambacho wenzake hawakukiona ni namna moyo wake usivyotulia. Akikaa, mguu ulicheza. Akiona taa ya ofisini inawaka mchana, roho ilimuuma. Mtoto wa watu akiacha bomba linatiririka, mkono wake ulinyooka wenyewe kulifunga. Hata harusini alikuwa anahesabu sahani. Mumewe, fundi rangi ambaye kazi zilimkaukia tangu watu walipoacha kujenga, alikuwa akimwambia, "Mama Watoto, hebu kaa chini. Kiti hakilipiwi." Alikaa. Kabla mume hajamaliza sentensi ya pili, alikuwa ameshasimama.

Mwaka wa tisa ulipoanza bila dalili ya nyongeza, wafanyakazi waliandika barua. Haikuwa ndefu. Ilisema mshahara hautoshi kuishi, na chini yake kulikuwa na sahihi zaidi ya themanini. Wakachaguliwa watu watano wa kuipeleka kwa meneja, na mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Waziri lazima aende! Yeye ndiye anayejua hesabu."

"Niacheni jamani, mimi ni mtu wa kola," alijitetea.

"Dada, wewe utakaa tu," Chiriku akamwambia. "Kusema tutasema sisi."

Akaenda.

Meneja alikuwa mtu mpole, asiyepaza sauti, mwenye mazoea ya kufuta miwani kwa ncha ya shati lake. Hakuwakaribisha ofisini mara moja. Kwanza aliwapeleka ghalani, akawasha taa, akawaonyesha maboksi yaliyopangwa mpaka darini.

"Mashati," alisema. "Ya mwaka jana, na mengine ya mwaka juzi. Shule zinaagiza nusu. Wazazi wanawavalisha wadogo mashati ya wakubwa. Mnataka niongeze mshahara kutoka wapi? Nitoe humu?"

Waziri aliinamisha kichwa, kwa sababu binti yake mdogo alikuwa amevaa siku hiyohiyo shati la dada yake, limepunguzwa mikono.

Waliporudi ofisini meneja aliisoma barua polepole. Alipofika mwisho hakumtazama Chiriku, aliyekuwa tayari amevuta pumzi ya kusema. Alimtazama Waziri.

"Wewe dada, una miaka mingapi hapa?"

"Kumi na saba, bosi."

"Umewahi kuja kuniomba mshahara kabla ya siku yake?"

"Hapana."

"Una deni dukani?"

"Sina."

"Watoto?"

"Wanasoma."

"Na mshahara wako ni tofauti na wa wenzako?"

"Ni uleule."

Meneja aliikunja barua mara mbili, akaiweka mezani bila hasira yoyote. "Basi nielezeni. Kama mshahara huu hautoshi kuishi, huyu aliyekaa mbele yangu anaishi kwa kitu gani?"

Waziri alifungua mdomo, akaufunga. Kila alichojibu kilikuwa kweli tupu, na ndicho kilichomkaba.

Kwenye korido ya kurudi mashineni Chiriku alitembea kimya, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Walipofika mlangoni alisema, "Dada, si ungedanganya hata kidogo."

"Ningedanganya nini?"

"Chochote!"

Kesho yake meneja alimwita peke yake. Alimpa kiti, tena kile chenye mto. Alimwambia kwamba wafanyakazi wengi shida yao si mshahara, ni matumizi. Kwamba yeye ni mfano hai. Kwamba Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya chakula cha mchana, angempa saa nzima bwaloni awafundishe wenzake namna ya kuishi. Mwenye kiwanda mwenyewe angekuja kusikiliza. Na kwa kuwa kazi haifanywi bure, kulikuwa na nafasi ya msimamizi msaidizi wa chumba cha kushonea, yenye posho kila mwezi.

"Nifikirie kwanza, bosi."

"Fikiria," alisema meneja akifuta miwani. "Ila usifikirie sana."

Nyumbani mumewe alisikiliza habari hizo akisimama, akikaa, akisimama tena, safari hii yeye ndiye asiyetulia. "Posho ya kila mwezi! Mama Watoto, hujaiba, hujaua mtu. Unaulizwa kitu unachokijua. Mimi nikiulizwa namna ya kuchanganya rangi, nitakataa?"

Alijikuta ameosha sufuria ileile mara mbili, na maji akayamwaga bila kuyatumia tena kusafishia sakafu, jambo lililomshangaza mwenyewe.

Habari za cheo zilifika kiwandani kabla yake. Chiriku alianza kuchukua kola kapuni bila kumwangalia. Wakati wa kula, kwenye benchi refu, pembeni ya Waziri kulibaki nafasi ya kukaa watu wawili. Fundi mmoja wa vifungo akapiga kelele kutoka upande wa pili, "Waziri! Tufundishe na kuvuta pumzi nusunusu, maana hewa nayo itapanda!" Bwalo zima likacheka. Yeye pia alicheka, kisha akafunika chakula chake kabla ya kukimaliza.

Hata hivyo alinunua daftari. Jumapili mchana alikaa mezani akaanza kuandika somo: maharage, soksi ya sabuni, masoko mawili, kununua chumvi kwa pamoja na majirani. Mguu ulicheza chini ya meza mpaka kikombe kikawa kinatembea. Alisimama, akafagia, akarudi. Akaandika mstari, akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka, akarudi. Mwishowe alimpa binti yake mkubwa daftari amsahihishie tahajia. Binti alikuwa kidato cha tatu, na kalamu nyekundu aliishika kama mwalimu wa kweli.

"Mama, hapa umeandika, 'Kutembea kwa miguu ni nafuu na ni afya.'"

"Kuna kosa?"

"Hakuna. Ila hujaandika ile siku uliyoanguka barabarani na jua, ukaletwa na watu."

"Hilo halihusu."

Binti aliendelea kusoma. Kalamu ikasimama. "Na hapa, 'Epuka safari zisizo za lazima.'" Akainua macho. "Bibi alipofariki, ile ilikuwa safari isiyo ya lazima?"

Hakuuliza kwa ujeuri. Aliuliza kama anayetaka kujua. Waziri alilichukua daftari mikononi mwake, akavaa ndala, akatoka. Alitembea mpaka mwisho wa mtaa, akapita maduka, akageuka, akapita tena maduka yaleyale. Mara ya tatu mwenye duka la vyombo akamwita, "Mama, umepotewa na kitu?"

"Ndiyo," alisema. Kisha akasema, "Hapana, hapana," akaendelea.

Ijumaa ilifika. Mwenye kiwanda, mama wa makamo mwenye saa kubwa mkononi, aliketi mbele karibu na meneja. Wafanyakazi walikaa kwenye mabenchi wamekunja mikono. Chiriku alikuwa mstari wa nyuma kabisa, anatazama dirisha.

Waziri alianza kama alivyoandika. Alieleza maharage na chupa ya chai, na kutembea kwake saa nzima na robo. Alieleza soksi, na mtu akaguna, mwingine akacheka, hata mwenye kiwanda na meneja wakatabasamu. Alipofika mwisho wa ukurasa alifunua wa pili. Ulikuwa mweupe. Alibaki anautazama, na watu wakaanza kuvuta miguu wakidhani somo limekwisha.

"Hayo ndiyo niliyoambiwa niwafundishe," alisema. "Sasa niwaambie na bei yake, maana mtu muungwana akiuza kitu hutaja bei."

Alivuta mdomo kwa kidole, akaonyesha pengo. "Jino hili lilikuwa na tundu kama kichwa cha pini. Kuliziba kulitaka mshahara wa siku nne. Kuling'oa, nusu siku. Nikang'oa. La nyuma yake nalo nikang'oa. Nyumbani nilisema yameoza."

Meneja aliacha kutabasamu.

"Mama yangu alizikwa siku ya Jumatano. Dada yangu alinipigia simu, nikamwambia naumwa, siwezi kusafiri. Sikuwa naumwa. Nilipiga hesabu ya nauli nikaona nikienda, mwanangu hatafanya mtihani, ada ilikuwa haijaisha kulipwa. Siku ile nilikuwa hapa. Nilishona kola mia tatu na kumi. Kuna mtu alinisifu."

Chiriku aliacha kutazama dirisha.

"Bosi aliniuliza naishi kwa kitu gani, sikuwa na jibu. Leo ninalo. Shati likimbana mtu, fundi huachia mshono. Mshahara uliponibana mimi sikuwa na mshono wa kuachia. Nikajikata mwenyewe. Kila mwaka kidogo. Meno, mazishi ya mama, chai ya asubuhi, usingizi. Msinione nimeenea mkadhani shati linatosha."

Alitaka kukaa lakini hakujua kiti kiko wapi. Alisimama akilikunjakunja daftari. Hakuna aliyepiga makofi.

Mwenye kiwanda ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. "Unatembea saa nzima? Kwani basi la wafanyakazi halipiti huko kwenu?"

Meneja alivua miwani. "Lilisimamishwa, mama. Mwaka wa tatu huu. Tulikuwa tunabana matumizi."

Kengele ililia, kila mtu akarudi kwenye mashine yake.

Mchana ule mikono ya Waziri ilimkataa. Kola zilitoka zimepinda ncha, ikabidi azifumue, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka. Chiriku alisogeza kapu, akainama kama anayetafuta kibobini cha uzi kilichoanguka.

"Dada," alisema, "mimi sijala mchana tangu Jumatatu. Nikiwaambia napunguza mwili, nilikuwa nawadanganya."

Waziri alimtazama. Chiriku hakuwa na mwili wa kupunguza. Alishangaa ni vipi yeye, aliyeona kila punje iliyoanguka, hakuliona hilo lililokaa begani kwake.

Jioni mumewe alimsubiri mlangoni. Alimsimulia yote bila kuficha, na mume akashika kichwa. "Mama Watoto! Si ungeyasema baada ya kukabidhiwa cheo!"

Waziri alicheka bila kutaka, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mumewe hakucheka naye. Alikuwa amekwama kwenye jambo moja.

"Jino," alisema. "Uliniambia limeoza lote."

Mume aliwasha taa ingawa jua lilikuwa halijazama, akamshika kidevu, akamchungulia mdomoni kama anavyokagua ukuta kabla ya kupaka.

"Mangapi?"

"Mawili."

"Mawili," alirudia, akakaa chini. Habari ya posho hakuigusa tena, si siku ile wala baadaye.

Cheo alipewa mwanamume mmoja wa chumba cha kukatia. Waziri hakufukuzwa, ingawa kwa wiki kadhaa kila Jumatatu aliingia kiwandani roho mkononi, akitazama kama kuna bahasha juu ya mashine yake. Haikuwepo. Wiki ya sita likabandikwa tangazo ukutani: basi la wafanyakazi linarudi, asubuhi na jioni, bila malipo. Halikutaja sababu, na meneja alipopita kati ya mashine hakumtazama mtu usoni.

Mwisho wa mwezi ule Waziri alifanya kitu ambacho hakikuwa kwenye hesabu yoyote. Alikata tiketi, akasafiri nusu siku, akamgongea dada yake bila kumpigia simu. Asubuhi wakaenda wawili makaburini. Hakuweza kusimama tu kama watu wanavyosimama. Alipiga magoti akaanza kung'oa majani, akang'oa mpaka kucha zikawa nyeusi, akavuka ukingo, akaanza kung'oa ya kaburi la jirani. Dada yake alimwacha kwa muda mrefu. Kisha akasema:

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini?"

"Kwamba huna nauli. Tungechanga. Shangazi angetoa, mimi ningetoa. Mbona sisi tulikuwa tunachanga jeneza siku ileile?"

Waziri alibaki na majani mkononi. Katika miaka yote aliyopiga hesabu, usiku na mchana, njiani na mashineni, kuomba hakukuwa kumeingia hata mara moja. Akaendelea kung'oa.

Aliporudi kazini, barua ya pili ilikuwa inaandikwa. Safari hii hakuchaguliwa, alijitolea. Alipita benchi kwa benchi wakati wa chakula akiwaambia wenzake wasiandike kwamba mshahara hautoshi, bali kila mmoja aandike mstari mmoja tu, alichokiacha. Wengine waliona haya. Fundi wa vifungo, yule mtani, alizunguka na karatasi siku mbili kisha akaandika kwamba ameacha dawa ya presha, akaikunja haraka mtu asione. Barua ilifika kurasa kumi na moja.

Meneja aliisoma yote mbele yao. Ilimchukua muda. Hakuuliza swali hata moja, na hakuwapeleka ghalani. Mwezi wa tatu baada ya hapo ikaja nyongeza, ya kwanza kwa miaka tisa, ndogo, ya kulipia mkaa na kipande cha kodi. Wengine walishangilia, wengine walisonya. Wafanyakazi kumi na wawili wa mkataba hawakuongezewa mkataba, na maboksi ghalani bado yaligusa dari.

Siku ya mshahara ule mpya Waziri na Chiriku walikaa benchi moja wakila. Waziri alikula nusu, akasimama, akaenda kuuliza majina ya wale kumi na wawili, akarudi, akakaa ukingoni mwa benchi mguu ukicheza.

"Dada, hebu maliza chakula kwanza," alisema Chiriku. "Wamekupa nyongeza, bado hutulii?"

"Wale walioondoka," alisema Waziri, "nani ana namba zao za simu? Wao wenyewe hawataomba."

Chiriku alifuta mikono, akatoa simu yake, wakaanza na jina la kwanza.